Foleni Isiyohesabiwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya upande tangu asubuhi. Tasnifu ya Tove imetoka kwa mpiga chapa — maboksi manne! Moja kalibeba mwenyewe mpaka ofisini kwangu, akalifungulia juu ya meza yangu, akanusa karatasi kama mtu anayenusa mkate wa moto. "Ylva, kitabu kina mgongo!" Kweli kina mgongo. Kurasa mia moja tisini na mbili. Miaka mitano ya msichana huyu, na jina langu ukurasa wa pili: msimamizi.

Ijumaa anaipigilia kwenye ubao wa idara kwa nyundo na msumari, kama ilivyo desturi. Tarehe 28 anaitetea. Juni anahamia Zürich, kazi ya utafiti inamngoja.

Mchana nimeandika tangazo la chuo, kwa lugha ambayo hata baba yake, fundi wa mitambo ya mgodi kule Gällivare, ataielewa. Prosesa ina kasi, kumbukumbu ya kompyuta ni nzito. Prosesa hushinda ikisubiri data iletwe. Tove amebuni jedwali dogo ndani ya prosesa, linalokisia ni data gani itatakiwa mbele kidogo na kuiagiza mapema. Kompyuta kubwa zinazotabiri hali ya hewa zitafanya kazi kwa kasi zaidi — asilimia kumi na saba! Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma kwa sauti. Nimejisikia vizuri.

Baruapepe kutoka Trondheim. Mwanafunzi, Hedda Rognli, simjui. Adabu tele. Anatumia Kvarn, programu yangu inayoigiza prosesa — hiyohiyo ambayo Tove amepimia kila kitu. Amelinganisha Kvarn na mashine halisi na namba hazikutani, hasa maombi ya data yakiwa mengi kwa pamoja. "Bila shaka nimekosea mimi," anasema. Angependa tu kujua amekosea wapi.

Kesho nitamjibu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya semla, zile skonzi za krimu zinazoliwa kabla ya Kwaresima. Börje wa chumba cha mashine kaleta trei tatu kwa idara nzima, krimu imemjaa masharubuni. Ana miaka thelathini na mbili akiitunza kompyuta yetu kubwa, na kiangazi hiki anastaafu.

"Kula bibie, kesho watu wanafunga!"

"Wewe umewahi kufunga lini, Börje?"

"Nafunga mkanda tu. Na wenyewe siku hizi haufungiki."

Tumecheka. Nimerudi mezani bado nacheka, nikafungua msimbo wa Kvarn kumtafutia Hedda kosa lake.

Sikumaliza hata nusu saa.

Kosa si lake. Katika mashine halisi, kila ombi la data hupita mlango mmoja, moja nyuma ya jingine. Yakizidi, yanapanga foleni. Ndani ya Kvarn, maombi ya kawaida yanapanga foleni vizuri kabisa. Maombi ya mapema — yale ambayo kazi nzima ya Tove ndiyo hayo — hayapangi. Yanapenya ukutani kama jini. Yanaagizwa, na papo hapo yamefika.

Na pembeni ya mstari huo kuna maelezo: "Foleni haihesabiwi hapa. REKEBISHA kabla ya kutoa. YS, Nov 2014."

YS. Ylva Sandelin.

Sikumbuki kabisa kuandika hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimerekebisha. Mistari sita. Nikarudia majaribio yote ya sura ya nne na ya tano kwenye mashine kubwa.

Si kumi na saba. Mbili nukta tisa. Na kwenye programu mbili, jedwali la Tove linaipunguzia kasi kompyuta.

Nimerudia. Mbili nukta tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya. Au tuseme sikufanya.

Saa tisa alasiri watu kama arobaini wamejazana mbele ya ubao, kahawa mkononi. Tove amevaa gauni la kijani, ana nyundo ya baba yake, mpini umefungwa utepe wa umeme. Pigo la kwanza msumari ukapinda. Kelele! Börje akapaza sauti: "Mhandisi huyo! Mpeni skrubu!" Msumari wa pili ukaingia vizuri, ukatoboa ile tasnifu kona ya juu, ukafika mbaoni. Kisha akageuka, akaninyoshea nyundo.

"Pigo la mwisho la msimamizi."

Si desturi hata kidogo. Kaibuni mwenyewe hapo hapo. Watu wakapiga makofi. Mimi ninayo karatasi ya majaribio mfukoni, nimeikunja mara nne, nilikuja nayo nikijiambia nitamwita pembeni kabla hawajaanza. Nikapokea nyundo. Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu mno, ubao wote ulitikisika na tangazo la mtu mwingine likaanguka.

Akanikumbatia. Nywele zake zinanukia sabuni.

Karatasi ilibaki mfukoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika Jumanne kwamba sikumbuki. Uongo. Hata humu, ambamo hasomi mtu! Nakumbuka vizuri sana.

Novemba 2014. Zimebaki siku mbili makala yangu itumwe kwenye mkutano. Niliona kwamba foleni haihesabiwi. Nikairekebisha. Namba zikashuka zote. Nikaurudisha mstari jinsi ulivyokuwa, nikaandika yale maelezo ili nijione mwaminifu, nikatuma. Makala ikapokelewa, ikapata zawadi. Makala hiyo ndiyo iliyonipa kiti ninachokalia. Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa na sababu yake ya kutogusa. Watu wakaanza kuitumia Kvarn — Uhispania, Japani, Trondheim. Ukirekebisha unawaambia nini?

Kisha akaja Tove, nikampa Kvarn kama mtu anayempa mwanawe nyumba, na yeye akajenga ghorofa juu yake.

Nimemjibu Hedda. Nimemwambia tofauti hiyo pengine inatokana na mipangilio ya mashine yake, aangalie upya jinsi anavyopima. Nimemalizia: "Nakutakia kila la heri katika utafiti wako."

Nimeisoma tena baada ya kutuma. Ina adabu kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Hedda kashukuru! Amesema alihisi tu kwamba kosa ni lake. Ataanza kupima upya tangu mwanzo, wiki tatu hivi. Amenishukuru mara mbili kwa kumpa muda wangu.

Sijala mchana.

Jumatatu, 17 Machi

Börje amekuja ofisini. Yeye haji ofisini kwa mtu, watu ndio humwendea kule chini kwenye kelele za mapangaboi. Akafunga mlango. Akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Nimeona kazi zako kwenye mashine tarehe tano," akasema. "Mia mbili na kumi. Umeziita 'foleni sahihi'."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Nikajiuliza, basi ipo foleni isiyo sahihi."

Ningeweza kumdanganya. Nilifungua mdomo. Akaniwahi: "Nilikwambia siku zile Kvarn ikiwa mpya, unakumbuka? Nilikuja na vipimo vya mashine. Nikasema Ylva, mashine yangu haiendi hivyo, hii programu yako inakimbia sana."

Nakumbuka na hilo. Ilikuwa wakati wa kahawa, wamekaa watu kumi na tano. Nilimjibu: "Börje mpenzi, wewe tushikie mashine, namba tuachie wenyewe." Chumba kizima kilicheka. Naye alicheka. Akakunja karatasi zake.

Nikamwambia leo: "Nisamehe kwa siku ile."

"Ah, siku ile ilishapita na mambo yake," akasema. "Mimi nilikwenda nyumbani nikala nikalala. Huyu msichana je? Tarehe ishirini na nane atasimama pale mbele peke yake. Wewe utakuwa umekaa. Akiulizwa, anajibu nini? Mtu umemnyima hata habari ya kwamba sakafu ina tundu."

Nikasema nitamwambia kesho.

"Sawa," akasema. Akavaa kofia. "Mimi simwambii. Si kwa kukuficha. Kwa sababu hastahili kulisikia kwangu."

Jumanne, 18 Machi

Sikumwambia. Alikuja na slaidi zake, macho mekundu, anaongea haraka haraka. Baba yake amekata tikiti ya treni, saa kumi na nane njiani, hajawahi kumsikia akizungumza mbele za watu. Tove kamnunulia baba suti. Alikuwa ananionyesha picha ya suti simuni!

Nilisema slaidi ya saba ina maandishi mengi.

Ijumaa, 21 Machi

Leo pia hapana.

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu ya waffle, zile keki bapa za siagi na jemu. Jiko la idara lote moshi na siagi. Nimemwambia Tove aje tutembee, tukazunguka bwawa, upepo mkali, kisahani chake cha waffle bado mkononi kwa sababu nilimkatisha akiwa anakula.

Nikamwambia. Kwamba katika Kvarn kuna kosa. Maombi ya mapema hayapangi foleni. Namba yake ya kweli ni mbili nukta tisa.

Kwanza hakuelewa, au hakutaka. Akauliza mambo ya ufundi, swali moja moja, kwa sauti ya kawaida kabisa: faili gani, mstari upi, nimejaribu na mlango mpana zaidi? Nimejaribu. Na programu ya hali ya hewa? Nayo. Akasimama. Jemu ilikuwa inamchirizikia kidoleni.

"Umejua lini?"

"Jumatano ya tarehe tano."

Nikaona anahesabu.

"Kabla ya msumari."

"Ndiyo."

"Ulishika nyundo, Ylva."

"Ndiyo."

"Ukapiga." Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya, sijawahi kukisikia kwake. "Tena ulipiga hasa!"

Nilianza kusema nilitaka kumlinda asivunjike moyo, bado siku chache — akainua mkono. "Usinifanyie wema tena leo. Tafadhali." Akatupa sahani pipani, akaondoka. Kaukabili upepo, koti lake halijafungwa.

Mwaka 2014 sikuutaja. Nilikuwa nao mdomoni. Nikaona ameshaumia vya kutosha — hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba alikuwa bado ananitazama kama mtu aliyekosea, na si kama mtu aliyedanganya.

Jumatano, 26 Machi

Ujumbe kutoka kwa Tove, saa nne na robo asubuhi. Maneno matatu tu.

"YS ni nani?"

Bila shaka! Nilimpa namba ya mstari mwenyewe.

Nimemwandikia: "Ni mimi." Ameusoma. Hajajibu.

Alhamisi, 27 Machi

Tove kaja saa tatu. Hakukaa. Kafungua kompyuta yake juu ya kabati la mafaili, kasimama hivyo hivyo. Amerudia majaribio yote mwenyewe siku mbili hizi, hakuniamini — na kwa nini aniamini. Mbili nukta tisa. Amechapa karatasi ya masahihisho, ya manjano, itawekwa ndani ya kila nakala.

"Siahirishi," akasema. "Baba yuko kwenye treni. Na kitabu ni changu. Nitaeleza namba ni ngapi na kwa nini. Wakiniangusha, waniangushe kwa hiyo ya kweli."

Nikamwambia nitasimama upande wake.

"Utakaa. Msimamizi haongei siku ya utetezi, unajua." Akafunga kompyuta. "Ila barua kwa mtahini na kwa jopo utaandika wewe. Leo. Kwa jina lako. Na usiniandikie 'kosa limegunduliwa', kama mwavuli uliosahaulika kwenye basi. Andika nani aligundua, lini, na nani alijua tangu zamani."

"Nitaandika."

Akafika mlangoni. "Unajua kinachoniuma? Si namba. Mwaka wa pili nilikwambia matokeo ni mazuri mno, yananitia wasiwasi. Ukaniambia nijifunze kupokea mambo mazuri."

Nilimwambia hivyo. Nilijiona mlezi mwema sana siku ile.

Nimeandika barua mara nne. Ya kwanza: "Niliandika kosa hili mwenyewe mwaka 2014 nikijua, na niliona madhara yake kwa tasnifu hii tarehe 5 Machi nikanyamaza." Ya pili nikaondoa "nikijua". Ya tatu nikaondoa 2014, maana jopo linahukumu tasnifu ya Tove, si maisha yangu. Ya nne: "Hivi karibuni kumegundulika hitilafu katika programu ya uigizaji iliyotumika katika sura ya nne na ya tano."

Kumegundulika. Hakuna mtu humo. Hata mimi sikujiona.

Nimetuma hiyo ya nne, saa tisa na dakika nne.

Hedda bado anapima upya huko kwake.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi. Nimekutana na Sture, baba yake Tove, mlangoni mwa jengo. Mfupi, mabega mapana, suti ya bluu bado ina mikunjo ya dukani. Kabeba mfuko wa nyama iliyokaushwa moshini kwa ajili ya sherehe ya jioni. Kaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye mwalimu! Nyumbani hatuna jina jingine ila lako. Ylva kasema hivi, Ylva kasema vile. Asante kwa kunilelea."

Nikasema mtoto wake ni hodari. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Sasa ni saa kumi kasorobo alasiri, tumo ukumbini. Daftari gotini. Walio nyuma watadhani nanukuu maswali. Sture kanishikia kiti pembeni yake, safu ya pili. Börje safu ya mwisho, kavaa tai, ya kwanza tangu nimjue.

Tove alianza na karatasi ya manjano. Kabla ya salamu, kabla ya slaidi. "Namba za sura ya nne na ya tano katika kitabu mlichonacho si sahihi. Sahihi ni hizi." Ukumbi mzima ukaanza kufunua kurasa. Kisha akaeleza foleni, mlango, kwa nini jedwali lake linakisia vizuri na bado haliokoi muda. Hakujitetea. Hakumtaja mtu.

Mtahini, Profesa Verhagen kutoka Uholanzi, mzee mwembamba asiye na haraka, kambana saa mbili nzima. Kamuuliza atalifanyaje jedwali linyamaze foleni ikijaa. "Sijui bado," Tove akasema. "Nina wazo moja, na sijalipima. Kwa hiyo sijui." Verhagen akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Nilikuwa najivuna naye, na sina haki hiyo.

Kisha Verhagen akatoa karatasi kutoka kwenye bahasha. Niliitambua kwa mbali.

"Barua ya msimamizi wako inasema 'hivi karibuni'. Hivi karibuni ni lini?"

"Mimi nimejua Jumanne," Tove akasema.

"Na kabla ya Jumanne, hakuna aliyejua?"

Akanywa maji. Hakunitazama — alijilazimisha asinitazame, niliona shingo yake. "Naweza kujibu ya kwangu tu."

Verhagen akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akasema hana swali jingine.

Sture hasikii Kiingereza. Kaniinamia: "Mwalimu, anasemaje yule mzee?"

"Anauliza kama kuna mtu aliyejua mapema kwamba namba ni mbovu."

"Akamwacha mwanangu asimame na namba mbovu?"

"Ndiyo."

"Na huyo mtu yupo?"

"Yupo. Yumo humu."

Amegeuka kwenye kiti. Anawapitia mmoja mmoja, wale wa jopo kwanza, kisha safu ya tatu, ya nne, uso umemwiva. Kamtazama Börje muda mrefu. Mimi hajanitazama. Hata haijamjia.

Mwenyekiti amesimama. Anasema, kama sheria inavyotaka, kwamba sasa yeyote ukumbini ana ruhusa ya kuuliza au kusema neno. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Tove anakusanya karatasi zake za manjano, anazipanga kingo, anazipanga tena.

Mkono wangu wa kushoto uko juu. Huu mwingine bado unaandika.